Kutoka pop kwenda kantri: soma hili kabla hujasaini

"Mwalimu, salamu kutoka Fort Worth, Texas. Nilizaliwa Kericho na nimeishi huku miaka kumi na mmoja. Mchana nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, wikendi naimba pop na R&B, na nina nyimbo nane mtandaoni. Mwaka jana kwenye harusi ya Wakenya wenzetu niliombwa kuimba wimbo wa kantri wa Don Williams ambao baba alikuwa akiupiga kila Jumapili tukitoka kanisani. Video yake ikasambaa kuliko chochote nilichowahi kutoa. Sasa kuna meneja anasema tangu Beyoncé ashinde Grammy ya kantri, mlango uko wazi kwa watu kama mimi. Anataka nirekodi albamu nzima ya kantri, nijifunze lafudhi ya Kusini, nivae kofia na buti, na nimlipe dola 15,000 za kuusukuma wimbo redioni. Mkataba ni wa miaka saba na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Marafiki wananiambia naenda kuiga muziki wa Wazungu na nitachekwa pande zote mbili. Hata sauti imeanza kukwaruza kwa mazoezi ya hiyo lafudhi. Je, hii ni nafasi au ni mtego? Na kweli naweza kuitwa mwimbaji wa kantri?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kabla ya kusaini. Wengi wanaonijia huwa wameshasaini. Barua yako ina maswali mawili ambayo huyo meneja ameyafunga furushi moja. La kwanza ni kama muziki huu ni wako. La pili ni kama soko la Nashville, mji ulio makao ya biashara ya kantri, litakupokea. Anakuuzia la pili kwa kutumia kiu uliyo nayo ya la kwanza, na ndiyo maana unashindwa kumjibu. Tuyafungue moja moja.

Nianze na marafiki zako, maana maneno yao yanauma na hayana msingi. Banjo, chombo ambacho watu wakikisikia tu wanaona shamba la Mzungu wa milimani, asili yake ni Afrika Magharibi. Watu waliopelekwa utumwani ndio walioivusha bahari ndani ya vichwa na mikono yao, na ndugu zake bado wanapigwa Senegal na Gambia. Familia ya Carter, ambayo kila kitabu cha historia ya kantri huanza nayo, ilizunguka milimani kukusanya nyimbo pamoja na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi. Hank Williams alifundishwa gitaa akiwa kijana huko Alabama na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani. DeFord Bailey na harmonika yake alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, onyesho la redio la kantri la Nashville, miaka ya 1920.

Basi ilikuwaje muziki ukaitwa wa Wazungu? Ni kazi ya wauza sahani za santuri. Katika miaka hiyo ya 1920 kampuni za kurekodi zilitenga orodha mbili za mauzo: moja ya wanamuziki Weusi kwa wanunuzi Weusi, nyingine ya wanamuziki Weupe wa vijijini kwa wanunuzi Weupe. Kusini mwote watu walikuwa wakipiga nyimbo zilezile, wakiibiana mitindo kwenye dansi na kwenye kambi za reli. Mpaka uliwekwa dukani, kisha redio ikaurithi, na baada ya miaka mia moja watu wanauona kama umeumbwa na Mungu.

Na wewe wa Kericho una habari nyingine ambayo sijui kama ulishasimuliwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka nusu ya Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet na kurekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyerekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake zilikuwa zimefika nyanda za juu za Kenya pamoja na gramafoni, wenyeji wakaisikia ile sauti inayovunjika katikati ya noti, wakaipa jina la kwao na mwili wa kwao, wakaiingiza kwenye wimbo wao. Kwa hiyo kantri ilikuwa kwenu kabla baba yako hajanunua redio. Anayekuambia unaiga, mpe historia hiyo.

Sasa soko, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Meneja anasema mlango uko wazi kwa sababu ya Beyoncé. Tazama kilichotokea hasa. Februari 2024 wimbo wake wa kantri, Texas Hold 'Em, ulipanda hadi namba 1 kwenye chati ya jarida la Billboard iitwayo Hot Country Songs, na yeye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika hapo. Lakini kwenye chati nyingine, Country Airplay, wimbo huohuo haukuvuka namba 33. Tofauti inatoka wapi? Tangu Oktoba 2012 chati ya kwanza inahesabu wanaosikiliza mtandaoni, wanaonunua, na redio za kila aina. Ya pili inahesabu kitu kimoja tu, yaani vituo vya redio vya kantri vinapiga nini. Ya kwanza inakueleza mashabiki wa Marekani nzima wamefanya nini, na ya pili inakueleza walinzi wa geti wameamua nini. Mwaka huohuo tuzo za chama cha kantri, CMA, hazikumteua hata mara moja. Grammy zilimpa tuzo ya albamu bora ya kantri Februari 2025, lakini hizo hutolewa na chama kingine chenye wapiga kura wengine. Huyo ni Beyoncé, binti wa Houston, mwenye mashabiki wa kujaza viwanja. Alipita kwa sababu hakuhitaji kufunguliwa. Wewe na mimi tunabisha hodi.

Shaboozey, kijana wa Virginia mwenye wazazi Wanigeria, ni mfano ulio karibu nawe zaidi, na kwake redio za kantri zilifunguka kweli. Wimbo wake wa 2024 uliongoza chati zote mbili za kantri, na kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo za kila aina, ukakaa kileleni wiki 19. Ila jina lake lilipojulikana alikuwa ameshatoa albamu na kuchanganya hip hop na kantri kwa miaka kadhaa bila kelele. Video moja ya harusi ni mwanzo mzuri, nami naiheshimu. Usiruhusu mtu akufanyie hesabu ya mavuno kabla mbegu haijaota.

Kwa mwanamke kuna kizingiti kingine. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio alisema hadharani kwamba vituo vya kantri visipige nyimbo za wanawake mfululizo, akalinganisha waimbaji wanaume na majani ya saladi, na wanawake na nyanya za kupambia juu. Watu walikasirika, lakini waliofanya kazi redioni walijua hakuwa amebuni kitu, alisema tu kwa sauti sheria waliyoishi nayo. Kwa mwanamke Mweusi nyanya zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Rissi Palmer alipoingia kwenye chati ya kantri mwaka 2007 ilikuwa imepita miaka ishirini tangu mwanamke Mweusi aonekane humo. Nakuambia haya ili ujue uzito wa mzigo kabla hujaubeba. Wapo wanaoubeba, tena kwa ustadi.

Wala usidhani ni rangi peke yake. Mwaka 1974 Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop, Mzungu aliyekulia Australia, alipewa na CMA tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wanamuziki wa Nashville walikasirika hadi wakakutana nyumbani kwa waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette na kuunda chama chao cha kulinda kantri dhidi ya wageni wa pop. Mji ule una mazoea ya kumuuliza mgeni swali moja: umekuja kukaa au umekuja kupiga picha?

Jibu la swali hilo linaonekana vizuri ukilinganisha waimbaji wawili waliovuka mwezi mmoja, Septemba 2008. Jessica Simpson alikuwa nyota mkubwa wa pop, Mtexas wa kwenu huko, mwenye jina ambalo kila nyumba ililijua. Darius Rucker alikuwa sauti ya bendi ya roki ya miaka ya 90, Hootie & the Blowfish, ambayo enzi zake zilikuwa zimepita. Kila mmoja alitoa albamu ya kantri, na zote mbili ziliingia namba 1 kwenye chati ya albamu za kantri. Kwa siku zile ungeweka pesa yako kwa nani?

Singo ya kwanza ya Simpson iliishia namba 18, na albamu yake iliyofuata haikuwa ya kantri tena. Singo ya kwanza ya Rucker ilifika namba 1, jambo ambalo mwimbaji Mweusi anayeimba peke yake hakuwa amelifanya tangu Charley Pride mwaka 1983. Mwaka 2009 CMA ilimpa tuzo ya msanii mpya, na mwaka 2012 akafanywa mwanachama wa Opry. Ninavyosoma mimi, sauti haikuwa tofauti kubwa. Rucker alikubali kuanza darasa la kwanza. Alipanda gari akazunguka kituo kwa kituo, akaingia ofisini kwa watangazaji na gitaa, akala nao, akarudi. Aliketi na waandishi wa Nashville, na karibu nyimbo zote za albamu ile zina mkono wake. Alitoa albamu ya pili, na ya tatu. Redio ya kantri ni kama kijiji: wanakuimbia wimbo wako wakishajua mama yako hajambo. Na hata ukiwa umekubalika, wimbo mmoja unaweza kutumia miezi, wakati mwingine karibu mwaka mzima, ukipanda taratibu chatini. Dola 15,000 hazinunui uhusiano wa namna hiyo.

Tukifika kwenye pesa, naomba uisome aya hii mara mbili. Marekani, redio za kawaida za hewani zinapopiga wimbo, hulipa mwandishi wa wimbo na mchapishaji wake kupitia mashirika kama ASCAP na BMI. Mwimbaji halipwi. Mwenye rekodi naye halipwi. Kama wimbo aliokuandalia meneja umeandikwa na watu wake, wewe utalipa dola 15,000 ili redio iwalipe wao. Vilevile, kulipa kituo ili kipige wimbo bila kuwatangazia wasikilizaji kwamba kimelipwa ni kosa la sheria ya shirikisho. Wapo mawakala halali wa kupeleka nyimbo redioni, nimefanya nao kazi, na kila wiki hukupa orodha ya vituo walivyozungumza navyo na majibu waliyopewa. Muulize huyo meneja ni vituo gani, nani atavipigia simu, na ripoti utaipata siku gani. Atakachojibu, kiandike.

Turudi kwenye muziki, maana ndio uliokuleta. Kinachoufanya wimbo uwe wa kantri hakivaliwi. Umesema una nyimbo nane, nami nimezisikiliza. Unaimba vizuri, hasa ukishuka chini. Lakini katika ule wa tano, kiitikio kinasema nakuhitaji, nakuhitaji, siwezi bila wewe. Kwenye pop hilo linatosha, kwa sababu mdundo ndio unaobeba na msikilizaji anajaza jina la mtu wake mwenyewe. Mwandishi wa kantri angekusimamisha hapo akuulize: unamhitaji nani, saa ngapi, umeshika nini mkononi? Kwenye barua pepe yako ya pili uliniandikia kwamba mama hukupigia saa tisa usiku kwa sababu bado hujafaulu kumweleza tofauti ya saa, na wewe hupokea ukiwa umekaa sakafuni jikoni, taa imezimwa, ili usimwamshe mwenzako wa chumba. Unamwambia kwamba umeshaamka. Dada, huo ndio ubeti wa kwanza. Hauna neno nakuhitaji hata moja, na kila mtu aliye mbali na kwao atalia. Kiitikio kinaweza kuwa hilo tu, nimeshaamka, mama. Mara ya kwanza ni uongo wa mapenzi. Mara ya mwisho, akiwa mama ndiye asiyeamka, maneno yaleyale yanageuka maana. Kuyageuza maneno yaleyale namna hiyo ndiyo kazi wanayoifanya Nashville kila asubuhi, watu wawili au watatu chumbani na gitaa, na kwa desturi yao waliomo chumbani hugawana wimbo sawasawa hata kama mmoja alitoa neno moja.

Uzuri ni kwamba Waswahili na majirani zao wanaijua kazi hiyo. Ndiyo sababu Jim Reeves na Kenny Rogers walikaa kwenye sebule za Kenya kwa vizazi viwili, na ndiyo sababu Sir Elvis Otieno anajaza ukumbi Nairobi akiimba kantri. Watu wanafuata hadithi.

Kuhusu lafudhi, acha leo. Ray Charles alipotoa albamu yake ya nyimbo za kantri mwaka 1962 hakubadilisha hata irabu moja. Alileta nyuzi, tarumbeta na kanisa lake, na mwaka huo mmoja ya nyimbo hizo ukashika namba 1 Marekani nzima. Sauti ya Kericho iliyokaa Texas miaka kumi na mmoja tayari ni lafudhi, na ni ya kweli. Unachoweza kujifunza ni ufundi. Katika R&B umezoea kuipamba silabi moja kwa noti saba. Kantri hupenda uifikie noti kutoka chini kidogo, uiteleze kama lile gitaa la kulaza linalopigwa kwa kipande cha chuma, halafu uiache. Imba ubeti mzima bila pambo hata moja, jirekodi kwa simu, sikiliza. Palipobaki patupu ndipo maneno yako yalipokuwa dhaifu.

Na huko kukwaruza kwa sauti si jambo la kungoja. Ukibana koo na kusukuma sauti puani ili ufanane na mtu mwingine, nyuzi za sauti zinagongana vibaya siku baada ya siku. Pumzika wiki nzima, kunywa maji, na usinong'one, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Ikifika wiki ya tatu au ya nne bila nafuu, muone daktari wa masikio, pua na koo atakayekutazama kwa kamera. Ikiwa kuna maumivu, damu, au sauti imekatika ghafla katikati ya kuimba, nenda mara moja. Mimi siwezi kukupima kwa barua.

Njia unazo zaidi ya ile moja uliyoonyeshwa. Unaweza kuhamia Nashville na kulifuata soko kubwa. Kwa hali yako ya leo, kazi ya mchana na akiba ndogo, nisingekushauri mwaka huu, ingawa ziara ya wiki moja ni jambo jingine. Bluebird Cafe, ukumbi mdogo uliofunguliwa mwaka 1982, bado una usiku wa Jumatatu ambapo yeyote anaweza kupanda na wimbo wake. Unaweza kubaki mwimbaji wa pop na kutoa nyimbo mbili tatu za kantri ndani ya sauti yako mwenyewe, bila kutangaza kwamba umehama. Hii ndiyo ninayoipenda kwa ajili yako. Halafu uko Texas, dada! Jimbo hilo lina kantri yake, redio zake na chati yake isiyoomba ruhusa Nashville, na hapo Fort Worth, kwenye mtaa wa kale wa Stockyards, muziki haulali. Anza na baa ndogo zenye jukwaa la Jumanne. Mtandao wa Black Opry, ulioanzishwa mwaka 2021, huwaweka pamoja wasanii Weusi wa kantri kwenye majukwaa, na watu wake hujibu barua. Na hadhira iliyosambaza video yako, Wakenya na Watanzania waliotawanyika kuanzia Dallas hadi Minneapolis, si hadhira ndogo. Ndiyo hadhira pekee ambayo tayari umethibitisha unayo.

Mkataba wa miaka saba usiusaini bila wakili wa mambo ya burudani kuusoma karatasi kwa karatasi. Wakili wa kawaida aliyekusaidia mambo ya nyumba hafai hapa. Kama gharama ni nzito, kuna shirika la Texas Accountants and Lawyers for the Arts linalowaunganisha wasanii wenye kipato kidogo na mawakili wanaojitolea. Mwambie wakili aangalie nani atamiliki rekodi, nani atamiliki haki za uandishi, asilimia ya meneja inakatwa kwenye pato gani, na utatokaje akishindwa kutimiza ahadi. Meneja wa kweli hulipwa kutoka kwenye kile anachokuingizia. Nilipokuwa kijana niliwahi kumlipa mtu kwanza, nikangoja miezi minane, na sikuwahi kuusikia wimbo wangu popote. Mwandikie leo kwamba wakili anahitaji wiki tatu. Kama hawezi kungoja wiki tatu kwa ajili ya miaka saba, umeshamjua.

Wiki hii, sauti ikiwa imepumzika, andika ubeti wa simu ya saa tisa usiku, kwa Kiswahili, kwa Kipsigis au kwa Kiingereza, vyovyote utakavyokuja. Mama akipiga, mwambie hukuwa umeamka, na umuulize kama kuna bibi yeyote kijijini aliyewahi kuwasikia wasichana wakiimba habari za Chemirocha. Akiwepo, ombeni ruhusa yake mumrekodi kwa simu. Ningependa sana kuisikia.